Gauni Lililosomwa Kanisani

Mimi ni mwalimu niliyehamishiwa Nachingwea kutoka Bukoba, na sala zangu huwa nazichora. Nina daftari ninamobandika vipande vya kitenge, majani ya mkorosho na picha za mishono, kisha naandika juu yake ninachomwomba Mungu.

Mwezi uliopita nilimpelekea fundi Somoe daftari hilo. Katika ukurasa mmoja nilikuwa nimejichora nikionekana kwa nyuma, nimevaa gauni la ndoto zangu. Somoe hupenda kuongeza marinda yake, kwa hiyo nilimwonya kwa sauti ya darasani: "Fuata mchoro kama ulivyo. Usiongeze, usipunguze!"

Gauni lilinifikia Jumapili asubuhi, kengele inalia. Kioo changu kinaonyesha uso tu. Nikavaa, nikakimbia.

Kanisani watu walinitazama, wakatabasamu. Nikajua nimependeza. Wakati wa sadaka nikapita katikati kwa madaha, nikageuka mara mbili ili na kwaya wafaidi. Niliporudi kuketi, mama wa benchi la nyuma akaniinamia.

"Mwalimu, hilo ombi la mgongoni limeshajibiwa?"

Nikapapasa. Vidole vikakutana na herufi za uzi wa dhahabu, bega hadi bega. Somoe alinitii mno: alidarizi hata sala niliyoiandika juu ya mchoro. *Ee Mungu, nipatie rafiki hata mmoja mji huu.*

Nilitamani ardhi inimeze. Yule mama alikuwa ameshazunguka, amesimama kando yangu.

"Sogea basi nikae," akasema. "Na wenzangu wawili wanakuja."