Bundi wa Nzwani na Meno Yangu Mawili

Juzi asubuhi simu ililia, nikasikia sauti ya mwanamke akizungumza Kiswahili cha kutafutia maneno, Kinzwani kikimponyoka kila baada ya hatua mbili. "Kwezi, baba," alinisalimu kwa adabu ya kwao, akasema anapiga kutoka Mutsamudu, kisiwani Nzwani. Akamtaja baba yake, akasema amefariki Ijumaa na amezikwa siku hiyohiyo. Nikasema inna lillahi kama inavyopasa. Kisha, msomaji wangu, nikajikuta nimejishika mdomo, kwa sababu marehemu huyo ndiye aliyenivunja meno mawili ya mbele. Ninyi mnaoniandikia kila mwaka kunitania kwamba picha yangu hapo juu imenuna kama hakimu, sababu ndiyo hiyo. Niliwahi kuandika katika safu hii kwamba nilianguka kwenye ngazi za mawe. Niliwadanganya. Nilipigwa ngumi, na nilistahili ngumi ile na nyingine juu yake. Binti alikuwa ameachiwa maneno anifikishie, nami nitayaandika mwishoni, kwani bila ya kisa chenyewe hayatamwingia mtu.

Ilikuwa miaka ile Mfaransa bado anatawala visiwa vya Wangazija na Wanzwani. Mimi ni mtoto wa Wangazija niliyelelewa Unguja, na nilikuwa nimerudi Moroni kufanya kazi ya ukarani. Akaja Mzungu mmoja, mtaalamu wa ndege, aliyetumwa kuchunguza ni ndege gani wako kisiwa gani, wepi ni wakaazi na wepi hupita tu, na kama ni wengi au wachache. Kwa kuwa nilijua Kifaransa na mwandiko wangu ulikuwa mzuri, ofisi ikaniazima kwake. Mimi mjinga nilidhani tutawahesabu kwa macho. Siku ya kwanza tulipopanda kwenye msitu wa Karthala, alipiga bunduki tangu asubuhi hadi adhuhuri, marisau yakichana majani, ndege wakidondoka kama maembe mabovu. Aliyeanguka akiwa hai, Mzungu alimshika mkononi, akamwekea vidole gumba chini ya mabawa, akambana kifua taratibu mpaka moyo usimame. Alifanya hivyo huku akinieleza habari za chakula cha mchana. Jioni tulichuna ngozi, tukazipaka unga wa sumu, tukazijaza pamba, nami nikafunga kikaratasi kwenye kila mguu: kisiwa, msitu, dume au jike. Nilijivunia mwandiko wangu kwenye vikaratasi vile. Mikono ilinuka damu hata nilipokuwa nakula, na nilikula.

Baada ya Moroni tukaruka hadi Ouani, kisiwani Nzwani, tukapanga nyumba Mutsamudu, chini ya ngome, katika vichochoro vile ambavyo wakikutana watu wawili lazima mmoja ajibanze ukutani. Hapo Mzungu akatafuta mpiga bunduki mwenyeji, na mji mzima ukamtajia mtu mmoja. Ndiye marehemu. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa hasira, na Kiswahili alikijua kwa sababu alipata kuwa mwashi Unguja. Alikubali kazi kwa sharti moja: atakayeanguka hai achinjwe, maana ngozi ikishachunwa nyama huenda kwenye vyungu vya majirani. Mzungu akaitikia bila ya kuelewa. Siku ya kwanza marehemu akaleta njiwa wa buluu kumi na wawili, wale wenye vichwa vyeupe, ambao hawaonekani ila katika visiwa vyetu na vichache vya jirani. Wote shingo zimekatwa, vichwa vyeupe vimelowa damu. Mzungu alimzaba kibao mbele ya watu.

"Ameharibu ngozi zote!" alinifokea mimi. "Mwambie!"

Marehemu alisimama palepale, shavu limewiva. "Karani," akasema, "mwambie mimi sili mzoga, wala simlishi jirani yangu mzoga. Na mwambie kibao hiki nimekiweka."

La kibao sikulitafsiri. Wakapatana kwamba anayefikiwa amekufa ni wa Mzungu, na anayefikiwa hai ni wa yeyote atakayemshika kwanza. Ndipo nilipoona mambo ambayo hadi leo sijui nicheke au nilie. Ndege akidondoka anapapatika, wanaume wawili wazima walitimka mbio kuteremka bonde, wakipigana vikumbo, wakichanika kwa miiba, mmoja ameshika kisu na anapiga bismillahi kwa sauti, mwingine ametanguliza vidole gumba. Siku moja walimfikia ninga mmoja kwa pamoja wakamvuta huku na huku hadi bawa likang'oka. Marehemu alimchinja ninga yule huku Mzungu amemkaba shati. Usiku huohuo jirani mmoja mwenye watoto wengi alipika.

Lakini mtu yule alijua ndege kuliko kitabu chochote cha Mzungu. Alijua wiki ambayo ndege waitwao sululu hufika pwani ya Mirontsy kutoka nchi za baridi, wamekonda, na jinsi wanavyonenepa kabla ya kurudi. Alijua kozi hupita mvua zikikaribia, wakielekea kisiwa kikubwa cha Bukini. Ijumaa moja baada ya sala akanichukua milimani, mbali juu ya shamba la mama yake, hadi kwenye mti mmoja mkuu wenye tundu. Akakwaruza gome kwa ukucha. Kikachomoza kichwa cha bundi mdogo, wa rangi ya hudhurungi, mwili wake hauzidi ngumi mbili, akatutazama kwa macho ya manjano kama tuliyemkatizia usingizi. Nikashituka. Bundi yule ndiye ambaye Mzungu alikuwa akimtafuta mchana na jioni. Vitabu vyake vilisema ipo ngozi kuukuu tu huko Ulaya, na kwamba huenda wenyewe wameshakwisha.

"Ana mwenzake humo ndani," alininong'oneza. "Watu wa mjini wakimjua watamrushia mawe, wanasema analeta msiba. Mzungu akimjua ndiyo basi. Huyu haliwi, karani. Ukimuua huyu, umemuulia nini? Apa."

Nikaapa wallahi, mkono juu ya gome la mti ule. Naye akaridhika, akanipa nusu ya mkate wake wa muhogo.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo nilipojimaliza. Wiki tatu zilipita Mzungu hajampata bundi, na hasira zilimjaa. Asubuhi moja akaniambia nikae kwenye kiti, kitu ambacho hakuwahi kukifanya. Akanimiminia kahawa kwa mkono wake. Akaniita kwa lile neno la heshima wanaloitana Wafaransa wao kwa wao, akasema, "Wewe ni mtu wa elimu kama mimi. Hawa wengine hawaelewi. Unadhani yuko wapi?" Nikamwambia. Hakunitisha, hakuniahidi cheo, hakunishika hata bega. Nimetafuta miaka mingi sababu iliyo bora kidogo ya kuwaambia watu, sijaipata. Nilimuuza kiumbe yule na mwenzake kwa kikombe cha kahawa, na sikumaliza kukinywa.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa mtini. Mzungu aligonga shina kwa bapa la panga. Dume alipochomoza alipigwa kwa karibu mno hata pakabaki manyoya na miguu, na Mzungu akatukana kwa sababu ngozi ilikuwa bure. Jike akatoka anaruka, risasi ya pili ikamvunja bawa, akaanguka kwenye majani anazunguka mahali pamoja. Mzungu akaegemeza bunduki mtini, akamwokota, akaweka vidole gumba. Bundi yule alipigana. Aliingiza makucha yote katika nyama ya kidole cha Mzungu, damu ikatiririka hadi kiwikoni, na mdomo wake ukawa unalia tak, tak, tak. Hapo tukasikia matawi yakivunjika. Marehemu alikuwa shambani kwa mama yake, alisikia mlio wa bunduki kutoka upande ule, akapanda mlima wote kwa mbio.

"Mwache!" alipiga kelele kwa Kinzwani, kwa Kiswahili, kwa kila lugha aliyokuwa nayo.

Mzungu hakumwacha. Marehemu akaishika bunduki kwa mtutu akampiga kwa kitako, mara ya kwanza begani, mara ya pili tayani. Nilisikia mfupa. Mzungu alipiga magoti, anatema damu, na vidole gumba havikulegea hata kidogo. Alibana mpaka macho ya manjano yakafifia. Marehemu aliposhusha bunduki alinitazama mimi, si Mzungu. Nilikuwa nimesimama na kalamu mkononi na kikaratasi kitupu.

Askari walimchukua kabla ya adhuhuri. Walimpigia uani nyuma ya ofisi, kwa mikanda na vitako vya bunduki, na mimi nikaletwa kutafsiri. Mzungu alikaa kwenye kiti, taya limefungwa kitambaa, akiandika maswali kwenye daftari kwa kuwa kusema hawezi. Swali lilikuwa moja tu: wengine wako wapi? Marehemu akionyesha, ataachiwa aende kwake. Nikamtafsiria. Alikuwa amelala kifudifudi, mchanga umemganda kwenye damu. Akasema, "Waambie wamekwisha. Wale walikuwa wa mwisho." Wakampiga. Wakauliza tena, nami nikatafsiri tena, kwa Kiswahili fasaha, kama mtu anayesoma tangazo. "Wamekwisha." Nilihesabu hadi mara tisa nikaacha. Mara ya mwisho hakuwa na pumzi ya neno zima, na mbavu zake tatu, nilikuja kuambiwa, zilikuwa zimevunjika. Mzungu akageuza ukurasa, na nikaona kwa macho yangu alivyoandika kwamba bundi wa Nzwani ametoweka. Akafunga daftari. Marehemu akatiwa gerezani.

Alipotoka nilikuwa bado Mutsamudu, nimebakizwa katika ofisi ya pale. Tulikutana uso kwa uso kichochoroni, karibu na msikiti, mahali ambapo mmoja lazima ajibanze. Hakujibanza yeyote. Akaniambia, "Assalamu alaikum." Nikamwitikia. Aliposikia nimemaliza kuitikia, akanipiga. Nilianguka ukutani, nikayatema meno yangu mawili kiganjani. Naye akasimama juu yangu, anahema kwa shida kwa zile mbavu, akasema, "Ya kiapo hayo. Kaoshe damu, adhana inakaribia." Nikaosha. Tukasali safu moja, watu watatu katikati yetu. Mwezi uliofuata nikaomba kuondoka, nikarudi Unguja, na visiwa vile sijavikanyaga tena.

Mtaalamu mmoja aliniambia hapa mjini kwamba ndege hugawanywa makundi mawili, wahamaji na wakaazi, na kwamba mkaazi ndiye wa kuhofiwa zaidi, kwa sababu kikiharibika kisiwa chake hana pa kwenda. Mimi nimekuwa mhamaji. Niliharibu nikaruka. Marehemu alibaki pale kuona misitu ya milimani ikikatwa, kuni zikiingia kwenye matanuri ya kuchemshia maua ya langilangi kwa manukato, mashamba yakipanda juu mwaka hadi mwaka. Na sisi wenye kalamu tulikuwa tukifunga vikaratasi. Nikikumbuka ukarani wangu wa siku zile naona aibu ya kweli, kwani serikali ile ilituhesabu na sisi vivyo hivyo, kisiwa, kijiji, dume au jike, na haikutaka kujua zaidi. Nami ndiye niliyekuwa na mwandiko mzuri. Miaka yote hii nimeishi nikiamini kwamba kuna kiumbe Mungu alimweka kisiwa kimoja tu duniani, na kwamba nilimfuta mimi. Kuna asubuhi huimwaga kahawa bila ya kuionja. Sikumwambia hata marehemu mke wangu.

Basi yasikieni maneno ya binti. Alisema polepole, kama mtu anayesoma kilichoandikwa: "Baba alisema nikwambie wapo. Hawakwisha hata siku ile. Bado wanalia kule juu, na mimi mwenyewe nimewasikia."

Nililia, msomaji wangu, simu sikioni, mzee mzima. Kumbe pale uani, kwa kila pigo, mtu yule alikuwa akisema uongo, na uongo ule ndio uliokuwa ukuta pekee kati ya wale waliobaki na bunduki. Wazungu wakasoma wametoweka, wasije tena. Nikafuta macho, na kabla sijajizuia nikauliza, "Wako wapi?"

"Ewa," binti akasema, bila ya ukali. "Alisema utauliza. Akasema nisikwambie."

Mmezoea mwishoni niwaachie funzo, na leo ninalo moja, lililonigharimu meno. Kujua kitu si haki ya kila mwenye elimu. Ni amana, na kuna watu hawaaminiki nayo, mimi mmoja wao. Ndiyo maana hamkuona katika makala haya jina la marehemu, wala la mlima ule wa bundi, wala la shamba la mama yake. Msiniandikie kuuliza. Safari hii sijui, na alfajiri ya leo nimemwombea dua mtu aliyehakikisha kwamba sitajua.