Verlyn Tostrud Aulizwa Mara Tatu

Verlyn Tostrud angekatwa mguu mmoja, angemwambia daktari kwamba ule mwingine bado uko imara. Ndivyo walivyo watu wa mji huu wa Lundby. Mimi nimetoka Louisiana, ambako mtu akijikwaa mtaa mzima utajua hadi jina la jiwe, na miaka yote niliyoishi huku Minnesota nimewapenda watu hawa na kutamani kuwanyonga, kwa zamu.

Kazi yangu ni kuwasaidia askari wastaafu wa wilaya kudai malipo ya ulemavu. Mgongo, goti, masikio, hayo mepesi. Kasheshe ni sonona. Mtu wa hapa atakuonyesha kovu la risasi bila haya, lakini kukwambia ana huzuni isiyomtoka ni sawa na kumtaka avue nguo kanisani.

Verlyn aliendesha malori ya maji Iraki. Alirudi mzima, watu wakasema. Baadaye akapoteza kazi kwenye kinu cha nafaka, akaacha kwaya, na ziwa likishaganda anashinda peke yake kwenye kibanda chake juu ya barafu, ambako huku watu hutoboa tundu na kuvua samaki. Mkewe, Marlys, ndiye aliyemburura hadi ofisini kwangu. Tulijaza madai, tukaambatanisha vyeti, akapangiwa kupimwa na daktari mmoja mama, Dokta Benavides, mgeni kutoka Texas.

Siku ya kupimwa Verlyn alinyoa ndevu, akapiga pasi shati, akambebea daktari keki. Keki! Madai yakakataliwa. Ripoti ilisema ni mtu mchangamfu, anapata usingizi, hana malalamiko.

Nilikwenda kwao nimefura. Nilimkuta mezani, Marlys anatoa bakuli la viazi na nyama ya kusaga kwenye oveni.

"Verlyn, daktari alikuuliza kama unalala?"

"Aliuliza."

"Ukasemaje?"

"Nikasema kausingizi napata."

"Kausingizi! Marlys, huyu bwana analala?"

"Analala kwenye gari, gereji," Marlys akasema. "Tena si kulala. Anakodoa macho tu."

"Sasa mbona hukumwambia, mzee?"

Verlyn akajikuna shingo. "Ana wagonjwa wenye shida za kweli, Odell. Nimsumbue mama wa watu bure?"

Nilitaka kumrushia uma. Marlys akapakua, tukala. Mimi aliponiuliza kama aniongeze nilisema ndiyo, nikanyoosha sahani. Akamgeukia mumewe.

"Nikuongeze?"

"Hapana, nimeshiba."

"Kidogo tu."

"Usijisumbue, mama."

"Kijiko kimoja."

"Haya basi, kisije kikamwagwa bure." Akasogeza sahani, na hicho kijiko kimoja kilikuwa mlima.

Marlys akabaki kasimama. "Verlyn, yule dokta alikuuliza mara ngapi kuhusu usingizi?"

"Mara moja."

"Mara moja!" Akanielekezea kijiko mimi. "Odell, unakula mezani kwangu miaka yote hii, hujaona? Watu wetu ukiwauliza mara moja, hiyo ni salamu. Ya pili ni adabu. Ya tatu ndiyo swali!"

Nilikula.

Tuliomba apimwe upya, na Marlys awepo chumbani. Verlyn alikubali kwa shingo upande. "Naenda kwa ajili yako," alimwambia mkewe. "Wakikataa tena, basi. Msinitajie tena habari hii, wala ya matibabu." Hakuwa anatania. Nimewahi kuwazika wawili waliosema hivyohivyo, kwa hiyo siku ile niliomba ruhusa na mimi nikakae kwenye kona.

Dokta alikuwa yuleyule. Kabla hajaanza, Marlys akainua mkono kama mwanafunzi.

"Samahani, dokta. Jibu lake la kwanza usiliandike. Wala la pili."

Dokta Benavides akacheka. "Mama, kwetu jibu la kwanza peke yake linakula saa nzima. Haya, tujaribu. Bwana Tostrud, unalala?"

"Si vibaya."

"Unalala?"

"Wapo wenye hali mbaya zaidi, dokta."

Dokta akaweka kalamu mezani. "Verlyn. Unalala?"

Verlyn alitazama buti zake.

"Hapana," akasema. "Silali. Na nikiwa macho sioni raha ya kitu chochote. Nakaa kule kibandani mchana kutwa, ndoano hata majini sijaitia. Nakaa tu. Kuna siku najiambia nisirudi nyumbani."

Dokta akamwambia hilo watalishughulikia leo, si kesho. Marlys alikuwa ameshika mdomo kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka. Halafu akashusha mikono.

"Ndoano haimo majini?"

"Haimo."

"Na samaki unaoniletea?"

"Nanunua dukani kwa Halvor."

"Hata wale niliowakaanga kwa ajili ya mchungaji? Nikakusifu mbele ya kanisa zima?"

"Ulinisifu vizuri sana," Verlyn akasema.

Marlys akaangua kicheko huku analia, dokta akajificha nyuma ya faili, na Verlyn mwenyewe mabega yakaanza kumtikisika. Sikuwahi kusikia kicheko chake. Ni kicheko chembamba, cha juu, hakifanani naye hata kidogo.

Matibabu yalianza wiki ileile. Malipo yalikubaliwa kabla barafu haijayeyuka, nami nikanunulia ofisi nzima maandazi kwa fedha yangu, jambo ambalo bado wananisimanga kwamba ni kujionyesha.

Jumamosi moja nilipita mtaani kwao. Verlyn alikuwa anapakia gari, na Marlys amejifunika makoti mpaka haonekani, kakumbatia kiti cha kukunja.

"Unahama?" nikamtania.

"Nimealikwa kibandani!" akasema, anang'aa kama bibi harusi. "Tangu arudi vitani, ndiyo mara ya kwanza."

Verlyn akazunguka gari, akaja akasimama mbele yangu. Sikuwa nimemuuliza kitu, hata hali.

"Jana ilikuwa siku mbaya, Odell," akasema. "Mbaya sana. Leo nafuu."

Alilisema hilo barabarani, mchana kweupe, jirani anazoa theluji kwa koleo pembeni anasikia. Kisha akamfungulia mkewe mlango wa gari, wakaondoka, nami nikabaki pale nalia kwa sauti, kama mtu wa kwetu.