Homa Baada ya Halbadiri

Ijumaa ile pale kijijini Kigombe, mwanangu, sijaisahau hadi leo. Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimemaliza shule Tanga, nimerudi nyumbani kungoja kazi, kijana asiyeweza kula embe bila kuwaza limetoka shamba la nani.

Jirani yetu Bi Mwanaidi, mjane aliyewalea wanawe kwa kushona, aliibiwa cherehani. Aliomba arudishiwe, wapi! Basi akatangaza kwamba baada ya sala ya Ijumaa itasomwa halbadiri, kisomo cha kumwapiza mwizi asiyejulikana. Unajua pwani tunavyokiogopa: mwizi huugua, huvimba, hufa.

Sikuiba. Lakini nilikaa msikitini ubani ukifuka, nikaanza kujihoji. Je, ile nazi niliyookota utotoni shambani kwa watu? Je, kama nilipishana na mwizi nisimtambue, nami nimo? Mpaka mashehe wanafunga kisomo, nilikuwa natetemeka. Jioni homa ikanishika.

Asubuhi uani kwetu kulijaa watu.

"Kumbe msomi mwenyewe!" akasema Mzee Kombo, kaka yake Bi Mwanaidi. "Cherehani umeipeleka wapi? Ulitaka kujishonea suruali ya ofisini?"

Wakacheka, na kicheko kile kilinitisha kuliko matusi. Mama akaniinamia sikioni. "Kiri, baba. Kiri upone."

Nilifungua kinywa nikiri, mwanangu. Nilishaanza kuamini kwamba huenda niliiba nikasahau.

Baba yangu mdogo ndiye aliyemsogeza mama kando, akawaambia watu kwamba shauri hili litakwenda kwa liwali, mwamuzi wa serikali. Waliotaka tufukuzwe kijijini siku ileile walikubali kwa kunung'unika.

Barazani nilisimama nimejifunika shuka. Liwali, mtu mzima mwenye sauti ndogo, akamgeukia Mzee Kombo.

"Ulimwona akiiba?"

"Sikumwona, bwana liwali, lakini mtazame anavyotetemeka!"

"Yuko aliyeiona cherehani kwake?"

Mzee Kombo akawageukia wenzake, nao wakarudi nyuma, ndipo liwali akaendelea.

"Kisomo ni dua, na jibu la dua liko kwa Mungu. Mimi nauliza mashahidi. Mmeniletea mgonjwa tu. Mwacheni aende." Kisha akanikazia macho. "Nawe, nasikia ulitaka kukiri. Kukiri nini? Ukibeba usilotenda, mwizi wa kweli atalala salama, na mjane huyu hatapata haki yake."

Cherehani haikuonekana kamwe. Wapo walioendelea kunikwepa njiani hadi nilipohama, na Bi Mwanaidi alifariki bila mimi kujua kama aliniamini. Hilo sheria haikuweza kunipa.

Lakini ilinipa pa kusimama, mwanangu, na mtu wa kuuliza wakati mtaa mzima umeshapata jibu. Nakuusia hivi: siku utakapokuwa miongoni mwa waliojaa uani kwa mtu, na hakuna asiyefikwa na siku hiyo, uliza nani aliona, hata sauti ikikutetemeka. Wakija kwako, usikiri kwa hofu. Dai upelekwe barazani usikilizwe. Wote tunahitaji baraza hilo, kwa kuwa hakuna ajuaye homa itamshika lini.

Mwenyezi Mungu akuepushe na hukumu ya watu wenye hasira, na akujaalie wa kukutetea siku ulimi wako utakaposhindwa. Amin.