Jicho Langu kwa Paka wa Bibi

Nilipokuwa mtoto wa kung'oka meno ya mbele, paja la Bibi lilikuwa langu peke yangu. Tuliishi wawili, Langoni, Lamu mjini. Akishasali alasiri aliketi mkekani akanisuka nywele, huku akinihadithia watu waliokwisha kufa kana kwamba wamepita hapo jana. Ndipo mjomba wangu Athmani, aliyekuwa akifanya kazi kwa wageni kule Ras Kitau, akatuletea paka aliyeachwa na mgeni aliyerudi kwao.

Hakuwa kama hawa paka wetu wembamba wa vichochoroni. Alikuwa mkubwa kama mtoto wa mwaka, manyoya marefu toka shingoni hata tumboni, mkia mnene kama ufagio. Mjomba alisema huyu akivishwa kanzu watu watamwamkia. Bibi akamwita Pamba. Na alivyokuwa na mapenzi! Alimfuata Bibi jikoni, akamfuata kisimani, na Bibi akisali alijilaza pembeni ya msala akamngoja atoe salamu. Hakulia nyau, alikuwa na kijisauti kama cha ndege. Bibi akiketi tu, Pamba yuko pajani, amejaa pote, miguu inaning'inia. Kichwa cha samaki nilichokuwa nikipewa mimi, akapewa yeye. Mimi nikaambiwa nimekuwa mkubwa, nikae pale.

Nikakaa pale. Nikamchukia kama mke mwenza.

Kwetu mtoto hufunzwa mapema asisifu kitu cha mtu bila kusema mashallah, jicho lisije likakidhuru. Nami nililijua hilo vizuri. Adhuhuri moja Bibi amejinyosha, nilichutama mbele ya Pamba nikamsifu kwa makusudi. Nikamwambia ni mzuri, amenona, mkia wake hauna mfano Lamu nzima. Mashallah nikaimeza. Yeye akanisugua goti kwa kichwa chake, akanguruma kwa raha.

Siku ya tatu Pamba hakula. Akawa anakohoa kavu, tumbo likivuta wala hatoi kitu, amejilaza sakafuni penye baridi karibu na birika la kuogea. Bibi alisema amepigwa jicho, na mwenye jicho anamjua. Ni Bi Zena, jirani yetu, ambaye juzi yake alisimama mlangoni akasema huyu si paka, ni simba. Dawa ya jicho ni maji: aliyelitupa hujiosha, na maji yale humwagiwa aliyedhurika. Lakini kumwomba mtu maji hayo ni kumwambia usoni kwamba ni hasidi. Na wale wawili walikuwa wamepikiana arusi na matanga tangu ujana wao. Bibi alikwisha vaa buibui, bakuli mkononi.

Nikalishika buibui lake nikamwambia, "Bibi, jicho ni langu."

Nikamweleza yote, na lile neno nililolimeza. Nilingoja kofi. Aliketi kizingitini, akanitazama mpaka nikaona haya, nikatazama miguu yangu.

"Ungalinambia wataka paja," akasema. "Mimi nina mapaja mawili."

Kisha akanisogezea bakuli. Nikaosha uso, mikono, magoti na miguu, naye akammwagia Pamba maji yale mgongoni mpaka tumboni. Manyoya yaliporowa yakalala, ndipo tukaona. Makwapani na chini ya tumbo yamefungamana mafundo magumu, ngozi imekuwa nyekundu. Siku zote tulimpapasa juu juu, hapana aliyemchana.

"Hujiramba huyu," Bibi akasema, "nyele amezimeza, zimemziba ndia ya tumbo."

Akachukua mkasi akakata mafundo, moja moja, kisha akamlambisha samli. Jioni Pamba akatapika donge la manyoya, refu kama tende. Kesho yake akala.

Toka siku ile kumchana ikawa kazi yangu, kila alasiri, kwa chanuo la mti, kuanzia tumboni. Siku za joto nilimpangusa kwa kitambaa cha maji. Yeye paja hili, mimi lile. Bi Zena hakupata kujua.

Bibi alishikilia hadi kufa kwake kwamba ni yale maji. Mjomba alisema ni samli na mkasi. Mimi sikusoma, siwezi kuwaamua. Nijualo ni kwamba nilimtakia mabaya kiumbe aliyekuwa akinipenda, na kidogo tu mama wa watu abebe uhasidi wangu mtaani.

Na wivu wenyewe haujanitoka. Wajukuu zangu wakirudi kutoka Kipungani kwa bibi yao wa upande wa pili, wakaanza kunisimulia wali wake wa nazi, moyo hunichoma hadi leo, na uzee huu. Zamani ningalinuna siku nzima. Siku hizi huwaambia waziwazi kwamba naona wivu, waje wakae nami. Hunicheka, kisha huja.