Zumari Linalosubiri Vidole

Tangu alfajiri Zafir hakutulia. Anakaa, anainuka, anachungulia barabarani, anarudi kwenye karakana yake. Mkewe Rusa alimletea supu ya maharage mara mbili, na mara mbili ikapoa.

"Hivi umekalia siafu?" Rusa akamwuliza. "Basi la Smolyan linafika saa sita. Ukichungulia ndiyo litaota mbawa?"

"Nani kakwambia nangoja basi?"

Mwongo mkubwa! Mtoto wao Velin alikuwa anarudi kutoka Ujerumani baada ya miaka minne, maana kesho kutwa dada yake Milka anaolewa. Katika vijiji vya milima ya Rodopi bibi harusi hatoki kwao bila gaida, zumari lile la kiriba cha ngozi ya mbuzi, kumlilia mlangoni. Milka alishaapa: asipopiga kaka yake, yeye hatoki ng'o. Na ukaidi huo kaurithi kwa nani, kama si kwa baba yake?

Kiriba kilikuwa tayari. Lililobaki ni bomba, lile la kuchezea vidole, nalo hukerezwa kwa dreni. Ni mti mfupi wa milimani kwao, mgumu hasa. Mtu mwenye afya njema kule husifiwa kwamba ni mzima kama dreni. Kipande hiki Zafir alikikata mwenyewe wakati wa theluji, akakikausha darini miaka kumi na miwili. Hakuwa na kingine.

Akawasha mashine ya kukerezea. Dreni haitaki pupa: patasi iwe na makali, mkono uwe mtulivu, maranda yatoke membamba. Ukisukuma tu, patasi inang'ata. Zafir aliyajua hayo kabla hajaota ndevu, lakini siku hiyo moyo wake ulikuwa barabarani. Akasikia honi, akageuza shingo. Kah! Kibanzi kikaruka hadi ukutani.

"Mungu wangu, nimeliua!"

Akazima mashine, akalipapasa bomba huku jasho likimtoka. Limeng'atwa kidogo, karibu na mwisho. Akilipunguza unene, litafaa. Na honi yenyewe, loo, ilikuwa ya gari la mikate! Akajitukana matusi ambayo hayaandikiki, kisha akakereza upya, taratibu, meno ameyauma.

Velin akaingia saa saba. Akamkumbatia baba yake kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa mfukoni mwa koti.

"Haya, weka vidole nipige alama za matundu," Zafir akasema, hata maji hajampa.

"Toboa tu, baba. Una vipimo vyangu vya zamani."

"Vipimo? Mimi fundi cherehani?" Kwao hakuna bomba linalotobolewa kwa rula. Mpigaji huweka vidole vyake juu ya mti, na pale vinapotua ndipo keekee inapopita. "Lete mikono."

"Nimechoka na safari. Kesho."

"We mtoto, usinitie wazimu! Lete mikono!"

Mkono ukatoka mfukoni. Kidole cha kati kilikuwa kimebaki nusu.

"Mashine ya kiwandani," Velin akasema, macho chini. "Mwaka wa pili ule. Ndiyo maana sikuja. Nilijua nikifika tu utasema lete mikono."

"Mjinga mkubwa wewe!" Zafir akafoka, machozi yakimbubujika bila aibu. "Mama yako analia kila Pasaka, na mimi nakuchukia, unajua? Miaka miwili nimekuchukia mwanangu, kumbe kidole!"

"Nimekuja kumwambia Milka atafute mpigaji mwingine."

"Hutamwambia kitu. Weka."

"Hakifiki, baba."

"Nimesema weka!"

Velin akavipanga vidole. Kile kifupi kikahangaika juu ya mti, kikateleza, kikagusa ubavuni, mahali ambapo Zafir hajawahi kutoboa tangu aanze kazi. Akachukua penseli. Akazungusha alama pale pale ubavuni, kukizunguka kidole.

"Kimefika," akasema. "Usikiondoe kwanza."