Yadi Iliyofagiwa Mapema Mno

Siku yangu ya kwanza katika kazi ya kupima hasara, Mhandisi Mkuu alinikabidhi ufunguo wa gari, utepe wa kupimia na amri moja: nisiokote kitu. Nilidhani ananitania. Nilikuwa nimetoka kuwa dereva wa nyumbani kule Al-Naseem, Riyadh, na madam wa nyumba ile alinifunza kinyume kabisa. Vumbi likivuma, ua uwe umefagiwa kabla hajashuka kunywa kahawa, la sivyo siku yako imeharibika. Nilifagia miaka sita. Kisha nikahamia ofisi ya wakadiriaji hasara wa bima huko Jeddah, nikaambiwa takataka ni ushahidi.

Ninyi vijana mtauliza ushahidi gani. Upepo wa kawaida wa dhoruba hulaza vitu upande mmoja. Kisulisuli, yaani upepo unaoshuka kutoka wingu huku ukizunguka, huvilaza ovyo, hiki huku na kile kule. Mhandisi alisimama na dira, mimi nikashika ncha ya utepe, na kwa kila bati au nguzo iliyoanguka tulichora mshale kwenye ramani. Mishale ikikubaliana, ni dhoruba tu. Ikigombana, ni kisulisuli.

Siku ile ya visulisuli vingi nilichanganyikiwa tangu asubuhi, na sina hakika kama kichwa changu kimetulia tena. Wengine walisema vilishuka vitatu, wengine vitano, kutoka kusini mwa mji hadi Al-Nuzha. Hapo Al-Nuzha tulikuta tangi la maji la nyumba moja limetua juu ya nyumba ya pili, na katikati ya nyumba hizo kamba ya nguo ikiwa na nguo zake zote. Mhandisi alikuna kidevu.

"Mafi maana," alisema. Haina maana. Kama yeye hakuelewa, mimi dereva ningeelewa nini?

Tukiwa bado pale, Mutua akanipigia simu. Huyu alikuwa Mkenya mwenzangu, tukisali pamoja na Wakristo wengine kila Ijumaa, siku ya mapumziko kule, naye alikuwa mlinzi wa ghala la kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini, huko Al-Mahjar.

"Mzee, paa imeenda yote na geti iko chini. Kafili yuko njiani. Sasa nifanye nini?"

"Kwani unangoja nini?" nikamjibu. "Fagia, panga hizo mabati. Akupate ukifanya kazi."

Sikufikiri. Nilijibu kwa mazoea ya Al-Naseem.

Alasiri tukatumwa kwenye ghala hilohilo. Nilipoiona yadi, nilikumbuka nilivyomwambia. Mutua alikuwa mchapakazi kweli. Alikuwa amefagia hadi pembeni, mabati ameyapanga kwa urefu, na geti ameliegemeza ukutani. Kafili wake alikuwa akifoka kwamba Mutua aliacha geti wazi, ndipo upepo ukaingia na kuinua paa.

"Mkithibitisha, halas, anarudi kwao!"

Kila kitu kilitegemea mishale. Ikigombana, Mhandisi angeandika kisulisuli, na Mutua angebaki na kazi yake. Lakini hapakuwa na kitu cha kuchora.

"Geti liliangukia upande gani?" Mhandisi aliuliza.

"Ndani, bosi." Mutua akafikiri. "Hapana, nje. Ama... bosi, niliinua tu. Sikuangalia."

"Nani alikuambia ufagie?"

Nilikuwa nimesimama hapo, utepe mkononi. Nilitaka kusema. Lakini ikama yangu, kibali cha kuishi kule, ilikuwa karibu kuisha, na wa kusema ifanywe upya alikuwa Mhandisi huyuhuyu aliyenikataza kuokota kitu. Niliogopa, na hiyo ndiyo kweli yote.

Mutua hakunitazama hata kidogo. "Ni mimi mwenyewe, bosi. Nimezoea usafi."

Mhandisi aliandika kwamba chanzo hakijulikani. Kafili hakuhitaji zaidi ya hapo, na wiki hiyo Mutua akapandishwa ndege.

Mimi nilibaki miaka mingi, hata nikawa nafundisha madereva wapya wasiokote kitu. Sasa nimestaafu, niko nyumbani, na bado sijui kama lilikuwa geti au kisulisuli. Wala simwelewi Mutua. Kila Krismasi hunipigia simu, tunaongea habari za mvua na mahindi, ananitania kwamba Jeddah ilinimaliza nywele. Jambo la yadi hajawahi kuligusa, nami kila mwaka nakata simu kabla sijaomba msamaha.

Majuzi upepo uling'oa mabati mawili ya jiko langu. Mke wangu akachukua ufagio. Nilimzuia mkono, akaniuliza nimepatwa na nini. Nikampigia Mutua. Ilikuwa mara ya kwanza mimi kuanza kupiga.

"Mutua, mabati yangu yako chini. Ni mimi nilikuambia ufagie, na nilinyamaza. Sasa nifanye nini?"

Nilimsikia akizima redio.

"Usiguse kitu, mzee," akasema. "Nakuja kesho, tuangalie pamoja."