Dada aliniuliza kama nimetia nia ya kufunga, nikamwambia ukweli

Wakuu, hamjambo. Mimi ni bibi wa Mkomani, Amu (Lamu), miaka sabini na ushee.

Naandika kwa kidole kimoja. Sitatia chumvi, daktari kanikataza hata ile ya mchuzi.

Baba yangu alikuwa maalim wa chuo cha Kurani. Mpole wa mkono, mkali wa dini. Kwetu kuuliza "kwa nini" ni utovu wa adabu. Nilihitimu juzuu zote bila kujua maana ya aya moja. Nampenda mpaka leo, Mungu amrehemu. (Ulimi umezoea, msinicheke.)

Uzeeni nikaingia ngumbaru kujifunza kusoma. Tulikuwa mimi, Bi Khadija Shee, Bi Rukia Omari na marehemu Bi Mwanaisha Kombo. Mwalimu wetu Wanjiru, mtu wa bara, kila ukisema jambo yeye: "Umejuaje?" Hata ukisema embe zimepanda bei.

Neno hilo likanifuata hadi kwenye msala wa kusalia. Kila nilichojua, jibu lilikuwa moja: Baba alisema.

Nikaanza kupima mambo mwenyewe, mwaka baada ya mwaka, mpaka sala ikaniacha bila ugomvi.

Ramadhani hii dada yangu Bi Zena, aliyenilea mama alipokufa, akaja kuniuliza kama nimetia nia. Nikasema sifungi.

Akanirahisishia: "Una sukari. Dini yakuruhusu."

Wakuu, ningeweza kujificha hapo hadi kaburini. Nikashindwa kumdanganya.

"Dada, si sukari. Siamini tena kama alivyotufunza Baba."

Akanitazama kwa mato yale yale ya Baba. Akavaa buibui, akashika ndia yake.

Siku tatu hakukanyaga kwangu, na nyumba zetu zimegusana ukuta. Nilijua nimempoteza.

Siku ya nne, adhuhuri, huyo mlangoni. Kafunga, midomo imemkauka, mkononi sahani ya samaki wa kupaka imefunikwa kawa.

"Kula. Dawa yako haitaki tumbo tupu."

Ndimu ilizidi, maana alipika bila kuonja. Nikala yote. Akasema ataniombea, nisimzuie. Nikasema simzuii.

Nikamwuliza, kunipikia mchana wa Ramadhani si dhambi?

"Hilo nitaulizwa mimi, si wewe. Tafuna."

Nilichojifunza: anayekupenda mwambie mwenyewe, asiyasikie barazani. Na umwache naye na yake.

Nyinyi mlioacha ndia ya wazazi, mliwaambiaje? Andikeni, nasoma zote, ila msinikatie maneno kwa vifupisho.